Kazi Mbichi au Kazi Mbaya? Wachezaji wa Civilization VII kama Wahakiki

Tarehe 11 Februari 2025 kampuni ya Firaxis ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Civilization VII. Ni mchezo wa mikakati. Mchezaji anashika taifa, anajenga miji, anafanya biashara na kupigana vita, huku karne zikipita. Unachezwa kwa zamu kama bao: wewe unacheza, kisha mwenzio anacheza. Mfululizo huu ulianza mwaka 1991 chini ya Sid Meier, kwa hiyo una mashabiki waliozeeka nao. Ajabu ni kwamba mashabiki haohao ndio waliogeuka mbogo. Katika duka la Steam, ambamo kila mnunuzi ana haki ya kuandika maoni, hukumu ya siku za mwanzo ilikuwa ya mchanganyiko, yaani waliosifu na walioponda walikaribiana. Shutuma iliyorudiwa mno ilikuwa moja: mchezo umetolewa kabla haujaiva.

Makala haya yanakusudia kuichunguza shutuma hiyo. Maoni yetu ni kwamba wachezaji wale walikuwa wahakiki, na wengi wao wahakiki wazuri. Hata hivyo, neno moja "haujaiva" liliwafanya wachanganye hukumu tatu zisizofanana: kilichokosekana, kilichokusudiwa, na kilichopotoshwa. Mhakiki asiyezitenganisha hizi tatu atamsamehe mwandishi pale anapostahili kukosolewa, na kumkosoa pale anapostahili kusikilizwa.

Najua wapo watakaouliza, bwana, mchezo wa kompyuta unaihusu vipi Idara ya Fasihi? Jibu ni kwamba mchezo huu unasimulia. Una wahusika, una mandhari, una mwanzo na mwisho, na juu ya yote una msimamo kuhusu historia ya binadamu. Zaidi ya hapo, fasihi simulizi imetufundisha kwamba hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe: inaitikia, inakatiza, inamrekebisha fanani. Naye Hans Robert Jauss wa Ujerumani alitufundisha kwamba msomaji huipokea kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma kabla. Mchezaji aliyezoea Civilization VI ya mwaka 2016 aliingia katika ya saba na upeo wa namna hiyo.

Tuanze na kilichokosekana. Hapa malalamiko yalihusu fani. Maandishi kwenye skrini yalikuwa madogo au hayakupangika, na taarifa ambazo mchezaji anazihitaji ili aamue jambo zilifichwa au hazikuwapo kabisa. Hata kuubadili jina mji wako mwenyewe hukuweza. Kwa mtu wa fasihi hili la majina si dogo. Anayenyimwa kukipa jina alichokijenga ananyimwa nusu ya usimulizi. Kampuni ilikiri kasoro za skrini, na katika miezi iliyofuata ikatoa marekebisho mfululizo, likiwemo hilo la majina ya miji. Huu ndio ubichi halisi, na dalili yake ni kwamba unatibika bila kubadili maana ya kazi. Ni sawa na kitabu kilichochapwa kikiwa na kurasa zilizopinda. Unakirudisha kiwandani, hadithi inabaki ileile.

Lakini kutibika hakufuti swali la uadilifu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Hakuna fundi atakayekuuzia ubao wa mashimo 30 na kukuahidi kwamba mawili yaliyobaki atakuja kuyachimba mwezi wa nne. Lipo pia bao la kujifunza, ambalo ni jepesi, lakini linaitwa hivyo waziwazi na hakuna anayedanganyika. Vilevile wapo watunzi wa michezo ya kompyuta wanaouza kazi isiyokamilika wakiieleza kuwa ni ya majaribio, na mnunuzi anaingia akijua. Kosa ni kuuza kibichi kwa jina la kibivu.

Tena kwa bei gani! Toleo la kawaida liliuzwa dola 70, yaani zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Yalikuwepo pia matoleo ya dola 100 na dola 130, na waliolipa hizo waliruhusiwa kuanza tarehe 6 Februari, siku tano kabla ya wenzao. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hapa asiye na subira alilipa zaidi ili ale mbichi kwanza.

Sasa tuje kwenye kilichokusudiwa. Katika matoleo ya awali ulichagua taifa moja ukaenda nalo tangu enzi za mawe hadi safari za anga. Civilization VII imeikata historia katika enzi tatu: ya Kale, ya Uvumbuzi wa Nchi, na ya Kisasa. Enzi ikiisha taifa lako linabadilika kuwa lingine. Wachezaji wengi walichukia, wakasema hapa pia mchezo haujaiva. Mimi siafiki. Huu ni uamuzi wa kimaudhui uliofanywa kwa makusudi na Ed Beach na wenzake, na unadai jambo zito: kwamba mataifa si mawe, bali ni matabaka yanayolaliana.

Dai hilo kwetu si geni. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alichapisha mwaka 1954 kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Historia ya Ugogo ni historia ya koo zilizotoka pande mbalimbali: nyingine Uhehe, nyingine Ukaguru, nyingine Unyamwezi, zikakutana katika nchi kavu na kuwa watu wamoja. Sisi wa Kibakwe, huku wilayani Mpwapwa, tunaishi mpakani mwa makabila, na jambo hili tunalisikia katika majina ya majirani zetu kabla hatujalisoma vitabuni. Kwa hiyo anayesema taifa haliwezi kugeuka, aje kwetu aulize wazee. Mchezo uliothubutu kusema hivyo ulistahili kujadiliwa kwa hoja, si kupigiwa kelele kana kwamba ni kitufe kilichoharibika.

Hata hivyo kelele zilishinda. Miezi ilipita huku Civilization VI na hata ya V ya mwaka 2010 zikiwa na wachezaji wengi kuliko ya saba, na mwishoni mwa mwaka 2025 kampuni ikatangaza kwamba inafanyia majaribio njia ya kumruhusu mchezaji abaki na taifa moja mpaka mwisho. Hapo maudhui yalitibiwa kama kasoro ya fani. Hadhira ina haki ya kumkatiza fanani, sawa. Lakini fanani anayebadili hadithi kila anapozomewa hana tena hadithi.

Hukumu ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi, nayo ni ya kilichopotoshwa. Siku ya kwanza mchezo ulikuwa na mataifa kumi katika kila enzi. Kusini mwa Sahara tulipata matatu: Aksum katika Enzi ya Kale, Songhai katika ya Uvumbuzi, na Buganda katika ya Kisasa. Kuiona Buganda humo kunafurahisha. Wamo askari Abambowa, limo Ziwa la Kabaka, na lile jumba la Muzibu Azaala Mpanga la Kasubi, lililojengwa mwaka 1882 na kuungua mwaka 2010, limewekwa miongoni mwa maajabu ya dunia. Hapo watunzi walifanya kazi yao.

Lakini Buganda hiyo imetoka wapi? Mchezo ulipoonyeshwa hadharani Agosti 2024, njia iliyoonyeshwa ilikuwa ya Misri kugeuka Songhai, na Songhai kugeuka Buganda. Kutoka Gao hadi Mengo ni zaidi ya kilomita 3,000. Songhai ilivunjwa na jeshi la Morocco mwaka 1591, wakati Buganda ilikua katika nchi ya maziwa makuu, ikishindana na jirani yake Bunyoro. Ndugu msomaji, tabaka gani hapo limelalia tabaka gani? Wazo la enzi linasimama au kuanguka kwa viungo vyake, na kiungo hiki hakipo. Mzee wa Kigogo akikuhesabia ukoo wake anakutajia kituo kwa kituo. Haruki jangwa na msitu kwa pumzi moja.

Kuna jambo jingine la kuchekesha na kusikitisha. Uingereza haikuwemo siku ya kutolewa. Iliuzwa kando Machi 2025, na wachezaji wakalalamika kwamba wamekatiwa kipande cha mchezo ili wakinunue. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tazama maana yake kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kwa wiki kadhaa ilikuwepo Buganda ya kisasa katika ulimwengu usio na Uingereza, yaani Buganda isiyo na himaya ya 1894 wala mkataba wa 1900. Tena mchezo wenyewe unakoma karibu na katikati ya karne ya 20, kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, kabla ya falme kufutwa 1967 na kurudishwa 1993. Wachezaji walioshuku kwamba enzi ya nne imewekwa akiba iuzwe baadaye waliona pengo la biashara. Mhakiki wetu lazima aone pia pengo la historia. Kisasa kinachokoma kabla ya uhuru wetu ni kisasa cha nani?

Mwisho, tukumbuke kwamba ubichi haulipiwi na wote kwa kiwango kimoja. Mchezo huu unadai nafasi ya gigabaiti 20, na kila marekebisho yanashushwa kwa intaneti. Kwa mtu wa Maryland hilo ni kubonyeza tu na kwenda kunywa kahawa. Kwa kijana wa Kibakwe anayetegemea bando la simu, kila "tumerekebisha" ni fedha nyingine mfukoni. Kampuni inapozoea kumalizia kazi baada ya kuiuza, inaamua bila kusema kwamba mwenye bando dogo atabaki na kazi mbichi daima. Hapo uhakiki wa fani unakuwa uhakiki wa tabaka, tukitaka tusitake.

Kwa jumla basi, wachezaji walikuwa sahihi kukasirika, na hasira yao imeonyesha kwamba hadhira ya fasihi haijafa, imehamia kwingine tu. Kilichobaki ni kuifundisha hasira hiyo kutofautisha. Kilichokosekana kidaiwe kama deni. Kilichokusudiwa kijibiwe kwa hoja. Kilichopotoshwa kisahihishwe na wenye historia yao, na wenye historia hiyo ni sisi. Tusipoandika sisi njia ya kufika Buganda, wataendelea kutupitisha Songhai, na hakuna marekebisho ya kushusha kwa bando yatakayoliondoa hilo.