Pima Moja kwa Siku

Ukimtazama msukaji wa ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, kwa muda mfupi utadhani kazi yote imo vidoleni. Kaa naye mpaka alasiri, utaona kwamba vidole vinatekeleza tu yale yaliyokwisha kuamuliwa: chane ngapi zitumike, ziwe na upana gani, rangi ipi itangulie na ipi ifuate. Mikeka ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Pemba na Mafia, husifiwa kwa rangi na nakshi zake. Mimi kinachonivuta zaidi ni mpangilio wake, kwa sababu kazi hii imepangwa hivi kwamba mtu huweza kuiendeleza hata siku ambayo akili yake haina nguvu ya kuamua lolote.

Mpangilio huo huanza mbali, kwenye mkindu. Majani machanga, yaani ukindu, hukatwa kabla hayajafunuka, huanikwa juani mpaka yakapauka, ndipo yanapochanwa kuwa chane. Wakati wa masika jua halitoshi, na ukindu ulionyeshewa huota ukungu wenye madoa ambayo hakuna rangi itakayoyaficha. Kwa hiyo mwenye kujua huanika wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari linapowaka. Kisha huchemsha maji, hukoroga rangi ya unga ya dukani, hutumbukiza mafungu: zambarau, kijani, nyekundu, manjano. Ukindu utakaobaki mweupe huwekwa kando. Kila rangi hufungwa peke yake na kuhifadhiwa pakavu. Mvua zikija, yeye ana akiba ndani, na unyevu wa hewa humsaidia, maana ukindu mkavu mno hukatika ukikunjwa. Siku za joto inabidi aunyunyizie maji.

Kusuka kwenyewe ni kurudia. Kila chane husafiri mshazari mpaka ukingoni, hukunjwa, hurudi upande wa pili ikipita juu na chini ya wenzake. Ikikaribia kwisha, nyingine hupachikwa juu yake, na ncha mbili huachwa zichomoze upande wa chini, zije kukatwa baadaye. Idadi ya chane aliyoanza nayo ndiyo atakayomaliza nayo. Moja ikipotea, upana hubadilika na nakshi huvurugika. Na mkono lazima uvute kwa nguvu ileile jana na leo. Ukivuta zaidi, ukili husinyaa. Ukilegeza, hutanuka, na kasoro hiyo huonekana wazi kili zikilazwa ubavu kwa ubavu. Sijui kazi nyingi za mikono zinazodai utulivu wa namna hii huku zikijua kwamba mwenye kuzifanya anaweza kuwa amelia usiku kucha.

Tumfikirie mjane aliye edani. Eda yake ni miezi 4 na siku 10, kama siku 128 kwa hesabu ya miezi mwandamo. Hatoki bila haja, hajipambi, hajitii manukato, lakini kazi ya mikono haikatazwi. Siku za mwanzo nyumba hujaa watu, mikeka imetandikwa hadi ukumbini. Matanga yakishaondolewa, kila mtu hurudi kwake, na hapo ndipo siku huanza kuwa ndefu. Simwambii mfiwa afanye kazi. Mwenye kutaka kukaa kimya na akae. Nasema tu kwamba ukili humfaa anayetafuta pa kushika. Haumtaki abuni kitu. Unamwonyesha alipoachia jana. Mgeni akipiga hodi, ukili huwekwa chini papo hapo, na mgeni akiondoka huokotwa bila hasara yoyote, tofauti na chungu kilichoachwa jikoni.

Jioni msukaji hupima. Hunyoosha mikono yote miwili, na kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole ndiyo pima, kama futi 6. Mkeka wa futi 6 kwa 4, ukili ukiwa na upana wa inchi 2, unahitaji pima 24 kabla ya kutia pindo. Anayesuka pima moja kwa siku hupata ukili wa mikeka mitano ndani ya eda, na ziada kidogo. Akipitiwa na siku tatu asiweze kitu, kibunda cha ukindu hakiozi wala hakimdai. Siku ya nne anasuka pima moja, siyo nne.

Jambo la busara zaidi, kwa maoni yangu, ni yale maamuzi yanayoachwa kwa makusudi. Ukili uliokwisha kusukwa bado waweza kuwa mkeka, msala, kikapu, kofia au mkoba. Mwaka 2020, safari za ndege ziliposimama na watalii wakakatika Zanzibar, mikoba iliyoshonwa kwa ajili ya wageni ilikosa wateja. Ukili ulioviringishwa, ukiwekwa pakavu, ungeweza kungoja.

Kushona ndiko kunakotaka akili iliyotulia. Shazia, sindano ya kushonea mikeka, hupita kwenye kingo mbili, rangi lazima zikutane mahali pake, mkeka usipinde upande mmoja. Hutaka sakafu pana, na vizuri awepo mtu wa pili wa kushika. Ncha zilizoachwa chini ndipo zinapokatwa, moja moja.

Ndiyo maana huniuma mtu anapotaka mkeka wa ukindu kwa bei ya ule wa plastiki. Augeuze kwanza, atazame upande wa chini jinsi ncha zilivyokatwa, ahesabu kili zilizounganishwa, afuate ukingo wa mmojawapo kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Halafu ndipo ataje bei.