Pongezi kwa Watunza Nyaraka wa Clare

Moto wa Juni 1922 uliteketeza ghala la nyaraka za taifa mjini Dublin, zikiwemo karibu sensa zote za Ireland za 1821 hadi 1851. Madaftari mengi ya ubatizo na ndoa ya Wakatoliki yalinusurika kwa sababu yalikuwa bado parokiani. Kila kumbukumbu iliyobaki ina thamani, ndiyo maana nawapongeza kwa dhati wakutubi wa Kaunti ya Clare, Ireland, pamoja na watu wanaojitolea kunakili maandishi ya makaburini na tathmini za ardhi, kisha kuyatoa bure mtandaoni. Kuna wanaosema wanakili hukosea majina. Ni kweli, lakini kosa hilo hurekebishwa kwa kurudi kwenye chanzo chenyewe, ilhali jivu halirekebishiki. Mwenye mababu waliohama Clare wakati wa njaa kuu iliyoanza 1845 aanzie kwenye nakala hizo za mtandaoni.