Lebo ya Gunia na Kilichomo Ndani

Mnunuzi wa mahindi soko la Kibaigwa haamini maandishi ya kalamu juu ya gunia. Anachoma bambo, punje zinateremka kiganjani, anazitazama, anatafuna moja, ndipo mazungumzo ya bei yanaanza. Sisi tunaounda programu hapa Dodoma mjini, mwendo wa takriban kilomita mia kutoka soko hilo, kwa muda mrefu tulikuwa tukichukua magunia kwa kusoma maandishi tu.

Gunia letu ni imeji ya kontena. Ndani yake kimeshonewa kila kitu ambacho programu inahitaji: faili za msingi za mfumo wa Linux (bila kerneli, ambayo ni ya mashine), maktaba, lugha ya programu ya toleo fulani, vifaa vya kupimia. Docker ilipoleta mtindo huu mwaka 2013, ilipunguza sana ule ubishi wa "mbona kwangu inafanya kazi". Ghala la magunia hayo tunaliita rejista. Mmoja wetu akisukuma mabadiliko ya msimbo, mashine inaamka, inavuta imeji kutoka rejista, inafungua kontena, inajenga na kupima programu humo ndani, kisha kontena linafutwa. Binadamu hagusi kitu. Raha yake ni hiyo, na hatari yake ni hiyohiyo, maana mashine haina bambo.

Tulilijua hilo Jumatatu moja asubuhi. Ijumaa majaribio yote yalikuwa ya kijani, mwishoni mwa wiki hakuna aliyegusa hata nukta, Jumatatu yakawa mekundu. Tulipekua msimbo wetu hadi mchana kabla mtu hajatazama mstari wa kwanza wa Dockerfile, faili la maelekezo ya kuunda imeji: FROM node:latest. Wenye imeji walikuwa wametoa toleo kubwa jipya la Node na kulihamishia lebo ya latest, na maktaba yetu moja ya zamani ikakataa kujengwa. Jina la gunia lilikuwa lilelile la Ijumaa. Mahindi yalikuwa mengine.

Lebo ni jina la kubandikwa, na mwenye ghala ana haki ya kulibandua. Hata node:20, inayoonekana kama namba ya toleo, huhama kila marekebisho ya tawi hilo yanapotoka. Kisichohama ni alama ya sha256. Orodha ya tabaka za imeji hupitishwa kwenye hesabu inayotoa herufi na tarakimu 64, na baiti moja ikibadilika ndani ya gunia, alama nzima inakuwa nyingine. Mstari wetu sasa unataja node, kisha @sha256 na alama yake yote. Hausomeki. Kijana aliyetoka ndaki ya CIVE pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alipouona mara ya kwanza aliuliza kama tumenunua umeme wa Luku.

Alicheka, lakini Machi 2025 dunia ilipata somo. Mdukuzi aliingia kwenye tj-actions/changed-files, kifaa kilichokuwa kikitumiwa na zaidi ya hazina 23,000 za msimbo ndani ya GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kujenga na kupima programu, akahamisha lebo za matoleo zikaelekea msimbo wake unaomwaga siri kwenye kumbukumbu za kazi. Kile hakikuwa imeji, ila ugonjwa ni uleule. Waliokuwa wakitaja alama kamili ya toleo lililopimwa, badala ya lebo, walibaki na kifaa chao cha zamani.

Kwenye alama hizi kuna mtego mmoja. Imeji inaweza kuwa na alama ya jumla inayofunika aina zote za prosesa, na chini yake alama ya kila aina. Mwenzetu mwenye kompyuta mpya ya Apple alinakili ile ya arm64; mashine ya ofisini, ya Intel, ikajibu "exec format error". Nakili ya jumla.

Imeji tuliyoiunda wenyewe, yenye vifaa vyetu vya kupimia, inakaa rejista ya GitHub, ghcr.io, iliyofunguliwa kwa majaribio Septemba 2020. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kifurushi kikipakiwa mara ya kwanza huwa cha siri, na kazi ya hazina nyingine ikijaribu kukivuta inajibiwa "denied". Mtu aliyechoka hutengeneza tokeni yake binafsi isiyo na mwisho, akaibandika kwenye mipangilio, maisha yakaendelea mpaka siku anapoacha kazi na funguo za ghala ziko mfukoni mwake. Hakuna haja ya hayo. Kila kazi inapoanza, GitHub huipa tokeni ya muda, GITHUB_TOKEN, inayokufa kazi ikiisha. Ndani ya faili la YAML lenye maelekezo ya kazi, kazi inaandikiwa ruhusa ya packages: read, jina la imeji linawekwa chini ya container, na tokeni hiyo inatajwa chini ya credentials. Kazi moja tu, ile inayopakia imeji, ndiyo inayopewa write. Kisha unaingia kwenye mipangilio ya kifurushi chenyewe na kutaja hazina zipi zinaruhusiwa kukivuta. Hatua hii ya mwisho haimo kwenye YAML, ndiyo maana husahaulika.

Halafu kuna umbali: ghala liko ng'ambo, na lina masharti yake. Tarehe 2 Novemba 2020 Docker Hub, rejista ya Docker yenyewe, ilianza kuhesabu: asiyejitambulisha alipewa mivuto 100 kwa saa sita kwa kila anwani ya IP. Mwenye anwani yake peke yake huenda hakuhisi kitu. Kwetu, kampuni ya simu inaweza kuwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mia hiyo unagawana na watu usiowajua. Mashine yetu ya ujenzi iko chini ya meza ofisini, na jibu la "toomanyrequests" imelipokea zaidi ya mara moja. Kujitambulisha kwa akaunti kunasaidia. Hakusaidii waya ukikatika: Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikadorora nchi nzima. Ghala lililo ng'ambo lilikuwa kama halipo.

Tuliweka rejista ndogo ofisini, programu ya bure iitwayo Distribution, ikae katikati: imeji ikivutwa mara ya kwanza inatoka ng'ambo, mara ya pili inatoka kwenye diski yetu. Inapoombwa kwa sha256 hutazama kwanza ilicho nacho, bila kupiga hodi ng'ambo. Inapoombwa kwa lebo huanza kwa kuuliza ng'ambo kama lebo imehama. Ila kwa mpangilio wake wa kawaida husahau vitu baada ya siku saba. Kwa hiyo imeji za msingi, zile ambazo bila hizo hatujengi kitu, tumezinakili kwenye rejista ya pili isiyosahau, kwa skopeo, kifaa cha kunakili imeji, tukikiagiza kinakili aina zote za prosesa ili alama ya jumla isibadilike.

Kuhusu ukubwa nitasema kidogo. Imeji kamili ya Node ikifunguliwa huweza kufika GB 1. Imeji tupu ya Alpine, Linux ndogo, haifiki MB 10. Kupakia kila kitu "kwa sababu kitahitajika" ni lumbesa, na bando la kuivuta lumbesa hiyo unalinunua mwenyewe.

Kuna gharama moja ya alama isiyohama: haipokei viraka vya usalama. Ukiiacha miaka miwili, unakula mahindi ya miaka miwili. Tumemwachia Dependabot, roboti wa GitHub, kazi ya kupendekeza alama mpya, majaribio yanaendeshwa juu ya pendekezo, na mmoja wetu, kwa zamu, anasoma kabla ya kukubali.

Fungua Dockerfile yako leo, uhesabu mistari ya FROM isiyo na sha256. Anza na ile inayosema latest.