Heko kwa Wanaolenga Mionzi Kando ya Jicho

Saratani inayoota ndani ya pua au kwenye mashimo ya hewa ya mifupa ya uso ni adimu, na mahali pake ni pabaya: juu kuna ubongo, ubavuni jicho. Mara nyingi upasuaji hutangulia. Uvimbe usiotolewa wote, au usiotoleka kabisa, huachiwa mionzi na dawa. Hapo ndipo ninapowapa heko wataalamu wa tiba ya mionzi, wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam na wenzao kokote walipo.

Kazi huanza na barakoa. Bamba la plastiki hulainishwa kwa maji ya moto, likatandazwa usoni mwa mgonjwa, likapoa na kushika umbo lake, ili kichwa kisicheze. Kisha mwanafizikia huzikalia picha za CT akipima kila pembe: uvimbe upate grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hadi 70, neva ya jicho isivuke takriban 54. Dozi hiyo haitolewi kwa mkupuo. Ni siku 5 kwa wiki, wiki 6 au 7, na kila mara mgonjwa hulazwa mezani kwa mkao uleule, hata mdomo ukiwa umejaa vidonda na chakula hakina ladha. Wengine huongezewa dripu ya cisplatin, inayozidisha makali ya mionzi kwa seli za saratani. Uvumilivu huo, wa mtabibu na wa mgonjwa, nauheshimu mno.

Vumbi la mbao ni chanzo kimoja kinachojulikana cha saratani hii. Seremala, vaa barakoa kazini. Na tundu moja la pua likiziba au kutoa damu kwa wiki kadhaa, wahi hospitali.