Kioo kilichoinua kuta za Metropolis

Mapema katika Metropolis, filamu bubu ya Fritz Lang iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, Januari 1927, vijana wa matajiri wanashindana mbio uwanjani chini ya kuta zinazokaribia kugusa mbingu. Kuta hizo hazikujengwa. Mafundi walijenga sehemu ya chini tu, pale wanapopita wakimbiaji. Zilizobaki ni jengo dogo la mfano lililowekwa kando ya kamera, na kilichoviunganisha ni kioo.

Mbinu hiyo ni ya mpiga picha Eugen Schüfftan. Kioo cha kujitazamia kilisimamishwa mbele ya kamera kwa mshazari wa nyuzi 45, na ule mfano ukawekwa ubavuni ili kamera iuone ndani ya kioo. Kisha pale walipotakiwa kuonekana watu, ile fedha iliyopakwa kwenye kioo ikakwanguliwa, pakabaki dirisha angavu. Waigizaji walisimama ng'ambo ya dirisha hilo, wakasogezwa mbali mpaka kimo chao kikalingana na kuta za mfano. Mzunguko mmoja wa filamu ulitosha kunasa vyote viwili.

Huo mzunguko mmoja ndio utamu wa kazi yenyewe. Kabla ya hapo, aliyetaka kuchanganya picha mbili mara nyingi alipiga ya kwanza, akarudisha filamu nyuma, akapiga ya pili juu yake. Filamu ikisogea kidogo tu, jengo linatikisika na mtazamaji anashtukia. Kwa Schüfftan hakuna cha kurudisha. Hata mshono umefichwa kiakili: kioo kiko karibu mno na lenzi, kwa hiyo kingo za pale palipokwanguliwa hazionekani sawasawa, zinafifia zenyewe na kuyeyuka ndani ya picha. (Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, hivyo mfano ulipaswa kutengenezwa kinyumenyume.)

Gharama yake ilikuwa uhuru. Kamera ikisogea hata kidogo, kuta na watu vinaachana. Mwigizaji akivuka mpaka wa dirisha, anamezwa na jengo. Na hapa pana kichekesho: mmoja wa wapiga picha wa Metropolis alikuwa Karl Freund, yuleyule ambaye mwaka 1924, katika Der letzte Mann ya F. W. Murnau, alijifunga kamera kifuani akayumba nayo ili tuuone ulimwengu kwa macho ya mlevi. Mbele ya kioo cha Schüfftan, kamera hiyo ilibidi itulie tuli.

Wengi husema picha zile pana, zilizotulia, zenye watu wadogo waliopangwa kwa safu, ni tabia ya Lang tu, mtoto wa mjenzi wa Vienna. Ni kweli, lakini naona kioo nacho kilikuwa na kauli. Kilimlazimisha kupanga watu ndani ya mipaka na kuyaachia majengo sehemu kubwa ya picha, na kwa hadithi ya jiji linalowaelemea wakazi wake, sharti hilo liligeuka faida. Katika filamu ya mapenzi ya chumbani lingekuwa balaa.

Tusidhani basi kwamba kioo kiliiokoa na gharama kampuni ya Ufa, iliyoitengeneza Metropolis. Filamu ilimeza zaidi ya marki milioni tano, kwani Lang alichokipunguza kwenye matofali alikitumia kwa umati wa watu na kwa siku nyingi za kupiga picha. Aliyeitumia mbinu hii kwa ubahili hasa ni Alfred Hitchcock. Katika Blackmail ya mwaka 1929 alihitaji mtu akimbizwe ndani ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambamo mwanga haukutosha kwa kamera za sinema. Akapiga picha za kawaida za kumbi zile, akaziakisi kwenye kioo, na waigizaji wake wakakimbia studioni.

Schüfftan mwenyewe aliikimbia Ujerumani Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, akaishia Marekani. Mwaka 1962 alipewa Oscar ya upigaji picha kwa filamu ya The Hustler, nayo nyeusi na nyeupe.