Lebo Ndefu, Dirisha Finyu: Gridi Inavyokibeba Kiswahili

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja cha Mjini. Madirisha yaliyoyapokea, hata hivyo, yalikuwa yamepimwa kwa Kiingereza. Hapo pana somo kwa kila anayeunda programu Unguja leo.

Katika OpenOffice ya wakati ule, kila kitufe na kila lebo iliwekewa vipimo vya kudumu: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo. Kwa mtindo huo, neno likizidi nafasi yake hukatwa ukingoni. Mfasiri hubaki na mawili: alifupishe neno, au dirisha lipimwe upya. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, ilianza kuachana na mtindo huo katika toleo la 4.0, Februari 2013. Katika gridi, yaani mpangilio wa safu unaochukua nafasi ya vipimo hivyo vya kudumu, mwandishi wa programu hutaja tu safu mlalo na safu wima. Upana hukokotolewa dirisha linapofunguliwa.

Tuifuate hesabu hiyo kwa fomu ya kusajili mkaazi wa Unguja. Safu wima ni mbili: lebo kushoto, sehemu za kujazia kulia. Safu mlalo ni nne: Jina kamili, Shehia, Wilaya, na Namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Gridi huiuliza kila lebo inahitaji upana gani, kisha hulichukua jibu kubwa kuliko yote likawa upana wa safu wima nzima. Lebo ya mwisho ina herufi 43 pamoja na nafasi. Shehia ina 6. Hakuna kilichokatwa, lakini lebo moja imezisukuma sehemu zote za kujazia hadi pembeni, na jicho linapata tabu kuiunganisha Shehia na sehemu yake.

Dawa si kuandika "Namba ya Kit." Ipe lebo hiyo safu mlalo yake, ienee safu wima zote mbili, na sehemu yake ya kujazia ikae chini yake kwa upana uleule. Safu ya lebo hurudi kwenye kipimo cha Jina kamili. Kisha iagize safu wima ya pili peke yake ipokee nafasi ya ziada, ili dirisha likipanuliwa zitanuke sehemu za kuandikia, lebo zibaki zilivyo. GTK, Qt na Tk, maktaba za kuundia madirisha, zote zina uwezo huu.

Orodha ya wilaya nayo isipimwe kwa jina fupi kama Kati. Unguja ina wilaya saba, na Magharibi B au Kaskazini A lazima isomeke yote. Herufi ya mwisho ikikatwa, wilaya mbili zinakuwa moja na kumbukumbu zinaharibika.

Kwa hiyo anza kuchora fomu kwa lebo ndefu kuliko zote za Kiswahili, ndipo uijaribu kwa Kiingereza. Gridi iliyoibeba "Namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi" bila kuikata haitashindwa na lebo fupi, na mwananchi atasoma jina kamili la kitambulisho chake.