Dhahiri na Batini ya Bati: Namna ya Kukipima Kiungo Kipya cha Gari la Kale

Atakaye kuujua ukweli wa gari la kale lililofanyiwa ukarabati asilihukumu ndani ya gereji, penye taa kali na rangi mbichi, bali alingoje lipitiwe na kusi moja au mbili pale Mama Ngina, Mombasa, ambako upepo hutoka moja kwa moja baharini, ukavuma baina ya mibuyu na mnara wa taa wa Ras Serani, hali umebeba chunyu ya kutosha kuingia kila upenyo ambao brashi ya fundi haikuufikia. Rangi yaweza kumhadaa mnunuzi, na yaweza hata kumhadaa mwenye gari mwenyewe, lakini chunyu haihadaiki. Walakini mnunuzi aghalabu hana miaka miwili ya kungoja, na kwa ajili yake nimeandika maneno haya, apate kuyaona leo yale ambayo bahari ingemwonyesha baadaye kwa gharama kubwa.

Yafaa kwanza kukumbuka sababu ya viungo hivi kufuliwa hapa kwetu badala ya kuagizwa. Wapenzi wa MG na Mini wamebahatika, kwa kuwa huko Uingereza kampuni ya British Motor Heritage, iliyoundwa 1975, ilizihifadhi kalibu za viwanda vya zamani na ingali ikikanyagia mabati mapya humo. Mwenye Peugeot 404, gari lililochorwa na Pininfarina wa Italia na kushinda mashindano ya Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili za katikati zikiwa za Bert Shankland wa Tanzania, hana bahati hiyo. Wala hawezi kuagiza gari zima bovu ng'ambo ili alichinje alitoe viungo, maadamu kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari kuukuu lililopita umri wa miaka minane. Basi humwendea fundi wa bodi, ambaye zana zake ni nyundo za aina mbalimbali, mkasi wa bati, gogo lililochimbwa bonde katikati, na kipande cha reli kilichokatwa kikawa fuawe.

Mteja wa kawaida aletewapo madigadi jipya huligeuza upande wa nje, akalipapasa, akasifu. Mjuzi huligeuza upande wa ndani. Huko ndiko fundi asikotarajia mgeni, na kwa hiyo ndiko tabia yake ilikoandikwa. Bati lililofuliwa kwa mkono lazima liwe na alama za nyundo, na mtu asitishike akiziona. Swali ni alama za namna gani. Zikiwa ndogo, zimekaribiana na kupandana, zimefuata mwelekeo mmoja kwa utaratibu, huyo ni fundi aliyelivuta bati polepole, akaligeuza juu ya reli baada ya kila safu, akaliacha lijikunje lenyewe hadi likafika umbo. Zikiwa kubwa, zimetawanyika, nyingine zina kina cha kuingia ncha ya kidole, basi yakini upande wa nje mabonde yamezibwa kwa pati. Chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uipitishe juu ya bati la chuma taratibu: itakapolegea ghafla, hapo chini pana pati nene. Pati nyembamba kama karatasi si aibu, na viwanda vyenyewe zamani vilikuwa vikijaza maungio kwa risasi iliyoyeyushwa. Pati ya unene wa sarafu mbili ni hadaa, kwa sababu gari likitikiswa na barabara itapasuka, na ufa ule utakunywa maji.

Baada ya alama za nyundo utazame maungio. Madigadi moja hutoka katika vipande vitatu au vinne vilivyounganishwa, na namna ya kuviunganisha ndiyo inayomtenga ustadhi na mwanafunzi. Mstari uliochomelewa kwa gesi hubaki laini, fundi akaweza kuufua tena mpaka ukalingana na bati lenyewe, usionekane upande wowote. Mstari wa mashine ya umeme huwa mgumu, haukubali nyundo, na aghalabu husagwa kwa jiwe mpaka bati la kando yake likabaki jembamba kama ngozi ya kitunguu. Mwenye kulehemu kwa shaba hulaumiwa kwa jambo jingine: ile dawa ya kulehemea isipooshwa kwa maji moto hubaki ikila chuma chini ya rangi, na baada ya muda rangi hufura malengelenge katika mstari ulionyooka kama uzi.

Kuhusu bati lenyewe sina maneno mengi. Magari mengi ya miaka ile yalijengwa kwa bati la geji 20 au karibu yake, yaani milimita moja kasoro kidogo. Fundi anayekutengenezea mlango kwa bati la kuezekea nyumba, ligonge kwa ukucha, usikie linavyolia, kisha uage.

Lililo zito ni njia ya maji. Kila mlango wa gari una matundu chini ya pindo lake, na kila kizingiti kina mianya yake, ambayo mhandisi wa kiwanda aliiweka kwa makusudi ili maji yapitayo kiooni yasikae ndani. Fundi asiyeijua sababu yake huyaona matundu hayo kuwa kasoro ya kutu, akayaziba kwa wema, akatoa mlango mzuri wa kutazamwa usiodumu misimu miwili. Mimina kikombe cha maji ndani ya mlango kabla haujapakwa rangi, usubiri. Yakitoka yote, mshukuru fundi. Yakisalia, mrudishie, hata ungekuwa mzuri namna gani.

Kisha simama mbali, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeinama, uutazame ubavu wa gari kwa pembe. Mwanga wa kulala hufichua mawimbi ambayo kiganja hakikuyahisi. Mkunjo uanziao kwenye taa ya mbele sharti uvuke mlango na kufika nyuma bila kukatika wala kupanda. Nafasi baina ya boneti na madigadi iwe na upana mmoja, illa hapa naomba radhi ya wale wanaopeleka magari Ngong Racecourse, Nairobi, katika maonyesho ya Concours d'Elegance yaliyoanza 1970: gari ambalo nafasi zake ni nyembamba na sawasawa kuliko zilivyotoka kiwandani si gari lililorejeshwa, ni gari jingine lililovishwa jina la lile la zamani.

Land Rover ina hukumu zake peke yake. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza na alumini ilikuwapo tele baada ya vita, kwa hiyo bodi ilifanywa ya mchanganyiko wa alumini na magnesiamu, tena yenye pande bapa, ili isihitaji kalibu za gharama. Ufukara huo wa Waingereza umekuwa neema kwa mafundi wetu, kwani pande bapa hukunjika kwa mkono. Utakapomwona fundi akilipaka bati hilo sabuni ya mche kabla ya kulipitishia moto, usicheke: sabuni ikigeuka nyeusi ndiyo alama kwamba bati limelegea na liko tayari kukunjwa, ilhali alumini haiwi nyekundu kama chuma, na mwenye kungoja iwe nyekundu ataliona bati likiporomoka mbele yake. Bali mtihani mkubwa uko pale alumini inapokutana na chuma. Viwili hivi vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa ikawa unga mweupe, na Mombasa maji ya chumvi yamo hata hewani. Basi ufungue kiungo ukague kama fundi ametia rangi, mpira au lami baina yao. Ukague na ribiti pia: zile zenye tundu katikati hubakiza kipande cha msumari wa chuma ndani, kikaanza kutoa machozi ya kutu kabla ya mwaka kwisha.

Katika mapatano, sharti la kwanza liwe kuonyeshwa kiungo kikiwa bati tupu, pande zote mbili, kabla ya praima. Fundi mwenye kujiamini hatakataa, na anayekuja na kiungo kilichokwisha kupakwa rangi ameficha neno. Sharti la pili ni kurudishiwa lile bati bovu la asili, hata liwe limeoza nusu. Mafundi wengi huliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu siku ile ile, nalo ndilo kipimo pekee kilichobaki cha mikunjo, matundu na mahali pa bawaba, ambacho fundi atakayefua la upande wa pili atakihitaji.